Nyota za Kaskazini Tulizozisomea Karuba

Watu wa Karuba, kwetu Masisi, hawakuhangaika kutafuta mashariki. Mlima Nyiragongo ulikuwa unawaka. Usiku wowote usio na ukungu, ukipanda hadi mgongoni mwa kilima, uliona wekundu umetanda juu ya kreta: mwanga wa ziwa la moto lililokuwa likichemka mle ndani. Wanasayansi walianza kuliandika ziwa hilo mwaka 1928, na Haroun Tazieff, yule mtaalamu wa volkano, alishuka kulitazama kwa kamba. Sisi tulilitumia kama alama ya njia. Ukiuelekea mlima, Ziwa Kivu lilikuwa upande wa mkono wa kuume, na mgongoni ulikuwa msitu wa Walikale, linakozama jua. Kaskazini ndiko kulikokuwa hakuna alama. Ni vilima na malisho tu, kuelekea Kitshanga.

Kwa hiyo mwaka 1976, mwalimu wetu wa darasa la sita alipotangaza kwamba tutajifunza kuitafuta kaskazini usiku, tulimtazama tu. Nani amepotea?

Ilikuwa Zaire ya Mobutu. Majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku, wakubwa walivaa abakosti, na asubuhi tuliimba kwa sauti kubwa kabla ya kuingia darasani. Kitabu cha jografia lakini kilibaki kile kile cha Wabelgiji, kurasa zimelegea, jalada limeshonwa kwa uzi wa katani. Ukurasa wa nyota ulikuwa na mchoro wa nyumba yenye theluji juu ya paa, na juu yake nyota saba zilizounganishwa kwa mistari: nne zimefanya bakuli upande wa kulia, tatu zimefanya mkono uliopinda kwenda kushoto. Kitabu kiliziita Grande Ourse, Dubu Mkubwa. Kitu kilichofanana na dubu mle sikukiona, na mpaka leo sikioni. Sisi tuliona upawa.

Mwalimu alingoja Mei. Wageni hudhani kiangazi ndicho kipindi cha kutazama nyota Kivu, kwa kuwa hakuna mvua. Ni kweli hakuna mvua, lakini kuna moshi. Kuanzia Juni watu wanachoma mashamba na malisho, vumbi linapanda, na mbingu inafifia hasa huko chini karibu na vilima, ambako nyota za kaskazini hukaa. Usiku mzuri kuliko yote ni ule unaofuata mvua kubwa ya Mei, mawingu yakishakatika. Ndio aliouchagua. Tulikutana kwenye uwanja wa mpira juu ya shule, tumejifunika mablanketi, maana baridi ya Masisi haina mchezo, na alitukataza kuja na moto au tochi.

Macho yalipozoea giza, tulianza kuzitafuta nyota saba. Zilikuwepo, kubwa kuliko tulivyotegemea, zimeshika sehemu nzima ya anga. Ila zilikuwa zimepinduka. Bakuli lilikuwa kushoto na mdomo umeelekea chini, kama mtu anayemwaga maji, na mkono umekwenda kulia. Mwalimu alifungua kitabu chini ya mwanga hafifu wa anga, akatazama juu, akatazama chini. Wavulana walianza kubishana kwamba hizi si zenyewe. Msichana mmoja aliyekuwa amechoka kusimama akajilaza chali kwenye nyasi zilizolowa, kichwa kimeelekea vilima vya kaskazini, akapaza sauti:

“Mwalimu! Sasa iko sawa na ya kitabu!”

Tukalala wote. Ukilaza kichwa upande wa kaskazini, ukaangalia nyuma juu ya paji la uso, upawa unakaa wima, bakuli kulia, mkono kushoto, kama ulivyochorwa. Mwalimu naye alilala, na abakosti yake. Nakumbuka unyevu ukiingia mgongoni na mtu akicheka gizani.

Baadaye alitueleza sababu, akitumia mpira wetu wa matambara. Aliyekichora kitabu alikaa mbali sana kaskazini. Kwake nyota zile zinaizunguka ncha ya anga usiku kucha na mwaka mzima, hazizami. Akitaka anaziona chini ya ncha, zimesimama wima, akitaka anaziona juu yake, zimepinduka. Karuba iko karibu mno na ikweta, kama digrii moja na nusu kusini yake, na ncha yenyewe imelala chini ya upeo wa macho. Nusu ya chini ya mzunguko inafichwa na ardhi. Inayobaki kwetu ni nusu ya juu, na katika nusu ya juu Dubu Mkubwa amepinduka siku zote: anachomoza kaskazini-mashariki akitanguliza bakuli, anapita mdomo chini, anazama kaskazini-magharibi.

Kisha tukafika kwenye kiini cha somo. Zile nyota mbili za ukingo wa bakuli, zilizo mbali na mkono, zinaitwa Merak na Dubhe. Unachora mstari kutoka Merak kupitia Dubhe, unauendeleza mara tano ya umbali uliopo kati yao, na hapo, kilisema kitabu, utaikuta Nyota ya Kaskazini isiyohama. Tulinyoosha vidole. Tukahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu… Kwenye nne tulikuwa tayari karibu na kilima. Kwenye tano tulikuwa ndani ya udongo.

Mvulana mmoja alitaka tupande kilima kile tukaitazame upande wa pili. Mwalimu alisema tungepanda kilima hicho na vingine hadi tuvuke ikweta, na bado tusingeiona mpaka tuende mbele zaidi, kwa sababu urefu wa nyota hiyo kutoka kwenye upeo ni sawa na umbali wako kutoka ikweta. Aliye Brussels anaiona kwenye digrii 51, zaidi ya nusu ya njia kwenda utosini. Aliye Karuba haioni kabisa. Kwa hiyo alitufundisha lisilokuwa kitabuni: acha kuitafuta nyota, tafuta mahali mstari unapogonga ardhi. Alichomeka fimbo mbili kwenye nyasi kufuata mstari ule, na asubuhi tulizikuta zinaelekea sawasawa na kaskazini ya ramani ya darasani. Somo hilo lilinitosha maisha yangu yote.

Tulivyozoea, tukaanza michezo yetu. Nyota ya katikati ya mkono wa upawa, Mizar, ina mwenzake mdogo pembeni, Alcor. Waarabu wa kale waliitumia kupima macho ya mtu, na sisi bila kujua hilo tuliitumia kupigana vijembe. Asiyeiona alidai ipo, na mwenzake akamwuliza iko upande gani.

Aliyenipinga vikali katika mambo haya ya nyota alikuwa mzee mmoja mchungaji, aliyelala na ng’ombe wa shamba moja kubwa la malisho jirani na kwetu. Nilikuwa natumwa kwake kuchukua maziwa. Jioni moja alinikuta nimenyoosha kidole.

“Weye mutoto, kaskazini unaitafutia nini? Mulima si ule unawaka?”

“Muzee, mwalimu alisema…”

“Mwalimu wako anachunga ngombe?”

“Hapana, muzee.”

“Basi.”

Lakini alikuwa anazijua nyota kuliko mwalimu, ila kwa kazi nyingine. Hakuwa na saa. Alitakiwa kuamsha vijana wakamue saa tisa usiku, ili maziwa yashuke Sake mapema. Mwishoni mwa Januari alizitegemea zile nyota tatu zilizopangwa mstari mmoja katikati ya Orioni, ambazo mkatekista wetu aliziita Wafalme Watatu. Saa tatu usiku ziko juu kabisa, saa tisa zinagusa milima ya magharibi. Zikigusa, alipiga mbiu. Tatizo ni kwamba nyota hazikai na saa za binadamu. Kila siku zinatangulia kwa dakika nne hivi, na mwezi ukiisha zimetangulia saa mbili. Kufika mwishoni mwa Machi Wafalme wake walikuwa wanazama saa tano usiku, wakati vijana ndio kwanza wanalala, naye alikuwa ameshahamia kwa nyota nyekundu iliyo moyoni mwa Nge. Hakuna aliyemfundisha hesabu hiyo.

Kuhusu wale Watatu, sijui kama watu wa kwetu wanajua bahati waliyo nayo. Nyota ya katikati ya mstari ule inapita juu ya Karuba karibu kabisa na utosi. Inachomoza mashariki halisi, pale pale ulipokuwa mwanga wa Nyiragongo, inapanda wima bila kuinama upande wowote, inapita kichwani, inashuka magharibi halisi. Mtu wa Ulaya humwona Orioni amesimama kama askari upande wa kusini. Kwetu anachomoza amelala ubavu.

Tarehe 10 Januari 1977 Nyiragongo ulipasuka ubavuni. Ziwa la moto lililokuwa limejaa kwa miongo mingi lilitoka lote kwa muda usiofika saa moja, likateremka likiwa jepesi na la kasi, na watu wa vijiji vya chini hawakupata nafasi ya kukimbia. Karuba tulikuwa mbali na moto huo. Tulichokiona sisi ni usiku uliofuata: mashariki imezimika. Mlima jirani, Nyamulagira, ulikuwa ukiwaka mara kwa mara, lakini Nyamulagira hauna ahadi, leo una moto, mwezi ujao umelala. Mzee mchungaji alinyamaza kwa siku kadhaa kuhusu nyota, halafu akaniuliza, bila kunitazama, ule upawa unatoka saa ngapi.

Januari unachelewa. Bakuli linaanza kuchungulia kaskazini-mashariki usiku ukiwa umeingia vizuri. Jioni anayekuwepo ni Kasiopea, nyota tano upande wa kaskazini-magharibi zikielekea kuzama. Kitabu kilimchora kama herufi W; kwetu, kwa sababu ile ile ya mpira wa matambara, ni M, nayo inakuwa juu zaidi mwishoni mwa Novemba saa mbili usiku. Hawa wawili, Dubu na Kasiopea, wako pande mbili za ncha. Mmoja akishuka, mwingine anapanda. Ukiwafahamu wote wawili, ni nadra kuwa na usiku mweupe ukakosa kaskazini. Kilimia naye yuko upande huo wa anga, ingawa yuko juu zaidi, na huyo mama zetu walimjua: akionekana alfajiri mashariki mwezi wa saba, ni wakati wa kusafisha mashamba kabla ya mvua za Septemba.

Nilikuwa mtu mzima, nina familia, vita vilipoanzia Ntoto, Walikale, mwezi Machi 1993 vikaingia Masisi. Sitaviandika hapa. Nitaandika tu usiku mmoja wa Aprili tulipokuwa tunatembea kwenda Sake, nje ya barabara, kupitia malisho, tukiinua senyenge ili watoto wapite chini yake. Milima ile inamgeuza mtu. Unafuata bonde ukidhani unakwenda mashariki, bonde linapinda, na kabla hujajua umerudi ulikotoka. Nyiragongo haukuwa na mwanga wowote mwaka huo. Nilichofanya ni kumweka Dubu Mkubwa kwenye bega la kushoto na Msalaba wa Kusini kwenye bega la kuume, na kuhakikisha vyote viwili vinabaki hapo. Vinafika juu kwa wakati mmoja, karibu kwa urefu mmoja, kimoja kila upande. Kadiri usiku ulivyosonga vyote viwili vilielemea nyuma yetu, magharibi, nami nikalijua hilo, nikalihesabia. Mawingu yalipofunga tulikaa chini. Yalipofunguka tuliinuka. Mama alikuwa nyuma akibeba mjukuu, akawa anauliza kila baada ya muda, “Bado iko kushoto?” Nami nikamjibu, “Iko, mama.” Kulipopambazuka tulikuwa tunauona mji wa Sake.

Katikati ya mwaka 1994 moto ulirudi ndani ya Nyiragongo, na Goma nzima ikauona. Aprili 1997, Mobutu akiwa ukingoni kuanguka, nyota yenye mkia, ile Hale-Bopp, ilining’inia kaskazini-magharibi jioni kwa jioni. Kila mtu alikuwa na tafsiri yake, na tafsiri zote zilikuwa za siasa.

Nyota ya Kaskazini yenyewe niliiona mara ya kwanza Kakuma, katika kaunti ya Turkana, kwenye kambi ya wakimbizi kaskazini-magharibi mwa Kenya. Kakuma iko kama digrii tatu na robo tatu kaskazini mwa ikweta, na Turkana ni tambarare. Ilinibidi ningoje usiku ambao upepo umelala na vumbi limetua. Nikamtafuta Merak, nikapitia Dubhe, nikahesabu tano, na pale chini kabisa, chini ya upana wa ngumi moja kutoka ardhini, ilikuwepo. Sikuvutiwa. Ni nyota ya kawaida, haing’ai kuliko nyota za Dubu mwenyewe, na karibu na ardhi inakuwa hafifu zaidi. Jirani yangu, mzee aliyetoka Darfur, alicheka alipoona ninavyoinama kuitafuta. Kwao, alisema, iko juu ya paa.

Nilichokipenda zaidi siku hizo ni kusoma kwamba hata mabaharia walikumbana na jambo letu. Manahodha wa Bahari ya Hindi, akina Ahmad ibn Majid wa karne ya 15, walipima urefu wa Nyota ya Kaskazini kwa upana wa vidole ili kujua wamefika latitudo gani. Chombo kilipoteremka na kaskazi kuelekea pwani yetu, nyota ilishuka kidole kwa kidole mpaka ikapotea. Hawakurudi nyumbani kwa sababu hiyo. Walihamia kwenye nyota nyingine za kaskazini ambazo bado zilikuwa juu, zikiwemo za Dubu Mkubwa na zile mbili angavu za Dubu Mdogo, wakaendelea kupima. Ni kazi ile ile aliyoifanya mwalimu wetu kwa fimbo mbili, na naamini hakuwahi kumsikia Ibn Majid.

Sasa naishi Nairobi, ambako taa zimekula nyota nyingi, ingawa saba za upawa bado zinapenya. Wajukuu wananiletea vitabu vyao vya sayansi. Karatasi ni nzuri, rangi zinapendeza, na Dubu Mkubwa amesimama wima, bakuli kulia, mkono kushoto, mshale unaonyesha Nyota ya Kaskazini juu ya upeo. Mtoto wa Nairobi, wa Goma au wa Mwanza hataona hivyo hata mara moja maishani mwake. Kuchapa ramani ya anga ya ikweta hakuhitaji utafiti mpya wala fedha za wafadhili. Hesabu zake zinajulikana tangu zamani, na kompyuta yoyote inaichora kwa dakika moja. Wanaohariri vitabu vya shule zetu wangeweza kulimaliza jambo hili katika chapa inayofuata, nami nawaomba walimalize.

Karuba sijafika kwa muda mrefu. Mwaka 2023 vita vilirudi kwenye vilima vile, na walionibakia huko wametawanyika. Wanaoniandikia wananiuliza habari za chakula na za watoto, si za nyota, na ndivyo inavyopasa.

Lakini wewe unayesoma ukiwa mahali penye usalama na giza la kutosha, ngoja wiki ya pili ya Mei. Toka nje saa tatu usiku kwa saa za Goma. Kampala na Nairobi ni saa nne. Elekea kaskazini, nyoosha mkono, pima ngumi tatu kutoka kwenye upeo: hapo yuko Dubu Mkubwa, mdomo wa bakuli chini. Fuata mkono wa upawa unavyopinda, utafika kwenye Arcturus, nyota kubwa ya rangi ya chungwa. Endelea na mkunjo huo huo, utaikuta Spica, nyeupe, karibu na utosi. Geuka, elekea kusini, pima tena ngumi tatu: Msalaba wa Kusini. Katika Ulaya bara hakuna mahali pa kusimama ukaviona vyote viwili.